Shangazi Huonja Kwanza

Kambini, 2 Juni

Wifi yangu,

Salamu kutoka huku milimani, ambako simu zetu zimegeuka tochi. Mtandao hakuna, na redio ya kambi ni ya mkuu na ya dharura tu. Barua hii itashuka na lori la vifaa, nawe ukinijibu peleka ofisi yetu ya mjini kabla lori halijapanda.

Chiriku ameniandikia. Anasema mwezi huu akitimiza miaka tisa hataki viatu wala begi, anataka chokoleti. "Darasa zima wanajua ilivyo isipokuwa mimi." Niliisoma nimesimama na kifaa changu cha kupimia barabara, nikakosea vipimo vya kona nzima, ikabidi turudie.

Jibu ni hapana, wifi. Ninakuandikia wewe kwa sababu nakujua, mtoto akikutazama kwa macho yale mawili unatoa hata roho yako. Siku ya keki ya jirani hukuwepo. Marehemu kaka yako ndiye aliyembeba. Kipande kidogo kuliko ukucha, kilikuwa na siagi, nawe unajua chochote chenye maziwa kwake ni sumu, na kabla hatujafika barabarani midomo ilikuwa imevimba na koo linafunga. Mpaka leo nikisikia mtu anakoroma nashtuka.

Sindano iko kwenye mkebe mwekundu juu ya kabati. Unachoma pajani, hata juu ya nguo, unashikilia. Ni moja tu. Nyingine niliagiza haijafika.

Mshonee gauni, wifi. Chokoleti sahau. Naogopa, na sioni haya kusema naogopa.

Wako,
Mama Chiriku


Nyumbani, 9 Juni

Wifi,

Barua yako nimeisoma nikacheka, nikanuna, nikaisoma tena. Yaani mimi ndiye wa kuambiwa nisimlishe sumu mtoto wa kaka yangu? Haya. Nimeiweka akiba, ukirudi tutaonana.

Sikiliza. Tangu umeniachia huyu mtoto hakuna kitu kinachoingia mdomoni mwake kabla hakijapita mdomoni mwangu. Kwetu ndivyo tulivyolelewa, mtoto hapewi kitu ambacho mkubwa hajakionja. Mama yetu alionja uji wa kaka yako mpaka kaka yako akaota ndevu. Na ulimi wangu unayajua maziwa, nimeyanywa tangu nina meno mawili. Hata tone likijificha nitalikamata. Kwa hiyo lala usingizi.

Sasa hiyo chokoleti. Usinichomoe macho, nimetafuta tu, sijampa.

Nimezunguka maduka mpaka visigino vimepasuka. Duka la kwanza nikamwambia muuzaji, "Nataka chokoleti isiyo na maziwa." Akanipa, akaapa, "Hii haina maziwa kabisa, mama, ina siagi tu." Nikamtazama, naye akanitazama, nikaona hapa hakuna mtu. Duka la pili nikapewa nyeusi tii, nikajisemea nyeusi hivi maziwa yangekaa wapi? Nikageuza karatasi, kwa maandishi ya sisimizi: huenda ikawa na chembe za maziwa. Huenda! Mtoto hafi kwa huenda? Nikairudisha.

Ndipo mteja wangu mmoja, niliyekuwa nampunguzia kiuno cha sketi, akaniambia yupo mwanamke nyuma ya stoo za mbao anayetengeneza chokoleti yake mwenyewe. Wanamwita Bi Kakao. Kakao, sukari, mafuta ya kakao na tui la nazi, basi. Karakana yake haijawahi kuingiza maziwa, kwa kuwa yeye mwenyewe hayamkubali. Mlangoni anakuvua viatu na kukunawisha mikono kama unaingia kupasua mtu. Nimeonja kipande chake. Nimekaa nacho mdomoni nikikisaka, maziwa sikuyaona.

Fikiria tu. Sifanyi kitu bila neno lako.

Mtoto mzima. Anaongea kuanzia anapofumbua macho, jina la Chiriku hamkukosea. Ana vipele vidogo pembeni mwa midomo, nadhani ni joto, nampaka mafuta. Na samahani kwa doa hili, birauli imenipindukia juu ya cherehani. Unajua tena, mimi bila chai yangu ya maziwa mezani hata uzi hauingii tunduni.

Wifi yako


Kambini, 16 Juni

Wifi,

Nimekaa na barua yako siku kadhaa. Kila nikisema hapana namwona anawatazama wenzake wakila.

Basi nenda tena kwa huyo Bi Kakao, umuulize haya, na usione haya kumchosha. Masufuria yake yaliwahi kutumiwa na mtu mwingine? Kakao inasagwa wapi, na mashine hiyo inasaga nini kingine? Wanaomsaidia wanakula nini mchana, na wakimaliza wananawa? Vitambaa vya kufutia vinatoka wapi? Muulize kila mkono unaogusa kile kipande mpaka kinafika kwa mwanangu.

Akijibu yote bila kukasirika, mpe. Kidogo. Mchana, si usiku, mkebe mwekundu ukiwa mezani. Nikishaweka barua hii kwenye lori najua nitatamani kulikimbilia.

Hivyo vipele, ni vya joto kweli? Nyumbani kwangu hakuwahi kuwa navyo.

Mama Chiriku


Nyumbani, 25 Juni

Wifi mpenzi,

Natumaini hujambo na kazi inaendelea. Huku sote wazima. Mvua imenyesha kidogo, vumbi limetulia, jambo jema. Siku ya kuzaliwa ilipita salama. Gauni lilimkaa vizuri, la buluu, nimeweka mfuko kama alivyotaka.

Bi Kakao alijibu maswali yako yote.

Mtoto anakusalimia. Amelala.

Naomba kuuliza, hizi sindano zake zinapatikana duka gani la dawa? Ni vizuri kuwa nayo ya akiba.

Wifi yako


Kambini, 27 Juni

Wifi,

Ile ya kwanza iko wapi?

Barua yako haina hata utani mmoja. Tangu nimeolewa kwenu hujawahi kuniandikia "natumaini hujambo". Neno chokoleti halimo. Na mtoto gani wa miaka tisa amelala mchana, wakati wewe unawahi ofisi isifungwe?

Nimeomba ruhusa, nimeambiwa daraja la chini limekatika na hakuna gari litakaloshuka mpaka litengenezwe. Mfuko wa barua unavushwa kwa kamba. Nimefikiria kuuomba univushe na mimi.

Niambie. Chochote kilichotokea niambie, hiki ninachokiwaza mimi ni kibaya zaidi.

Mama Chiriku


Nyumbani, 2 Julai

Wifi yangu, mama wa mtoto wangu,

Yuko hai. Naanza na hilo ili usiache kupumua. Yuko hai, anakula, hivi ninavyoandika anamsimulia paka wa jirani habari za hospitali.

Sikukuambia kwa sababu niliogopa. Niliogopa utamchukua, na ukimchukua, kwa kaka yangu nimebakiwa na nini? Shati lake moja na cherehani aliyoninunulia.

Siku yenyewe tulikaa mezani mchana kama ulivyosema, mkebe mwekundu pembeni. Nilikuwa na chai yangu, nikapiga mafunda mawili ya kujipa moyo. Nikakifungua kipande, nikakiuma katikati, nikakizungusha mdomoni. Safi. Ile nusu iliyobaki nikamwekea mdomoni kwa mkono wangu. Wifi, ungemwona! Alifumba macho. Akasema, "Shangazi, kumbe ndiyo hivi?" Nikacheka. Halafu akaanza kujikuna shingo.

Midomo ikavimba mbele ya macho yangu. Sauti ikawa ya mzee. Nikaushika mkebe, haufunguki. Mimi, niliyeshika sindano maisha yangu yote, vidole vikakataa. Nikaufungua kwa meno. Nikamchoma pajani juu ya lile gauni la buluu, nikashikilia, nikawa namwita kaka yangu badala ya Mungu. Dereva wa teksi hakuniuliza nauli. Hospitali walimweka mpaka asubuhi.

Nilipomrudisha nilikwenda moja kwa moja kwa Bi Kakao. Wateja walikuwepo. Nilimwita muuaji, nikaipindua sinia yake chini. Aliokota kipande kimoja sakafuni, akakipangusa, akakila mbele yangu, huku machozi yanamtoka. Akaniambia, "Mama, yangekuwa na maziwa na mimi ningekuwa hospitali." Nikamwambia akawadanganye wengine. Nasikia siku hizi watu hawaendi tena, amefunga.

Sasa nimekuwa mkali mara mbili. Hata uji wake naonja kwa kijiko chake mwenyewe, kijiko cha kwanza mimi, cha pili yeye. Maji naonja. Ndizi naimega mimi kwanza. Silali, nakaa kitandani kwake na birauli yangu ya chai nikisikiliza anavyopumua.

Lakini jana asubuhi baada ya uji midomo ikamwasha tena na jicho likavimba. Ikatulia kwa dawa ya hospitali. Uji, wifi! Unga na maji na sukari, nimeuonja mwenyewe! Sindano mpya wamenipa moja. Sijui hiki kitu kinaingilia wapi. Naona kama kipo ndani ya nyumba na mimi sikioni. Naogopa hata kuwasha jiko.

Nisamehe. Nifundishe la kufanya.

Wifi yako


UJUMBE WA REDIO, 5 Julai
Umepokelewa na karani wa ofisi ya mjini. Upelekwe kwa mkono, leo hii.

Kwa shangazi yake Chiriku, fundi cherehani. Usionje tena kitu chochote cha mtoto. Usitumie kijiko chake. Maziwa yanatoka mdomoni mwako, kwa ile chai yako. Chokoleti haina kosa. Barua inakuja. Mama Chiriku.


Kambini, 5 Julai

Wifi,

Mkuu wa kambi aliporudi alfajiri ya leo alinipa redio baada ya kuniona nimepiga magoti ofisini kwake. Sijui kama ujumbe umekufikia. Sijui kama umekufikia kabla ya uji wa asubuhi. Ninaandika ili mikono iwe na kazi.

Barua yako niliisomea jikoni jana, nikisubiri chakula cha mchana. Nilirudia pale pa uji, unga na maji na sukari, sikuelewa. Mpishi wetu alikuwa anakunywa maziwa ya mgando, masharubu yote meupe. Akateka mchuzi kwa upawa, akaonja, akaurudisha upawa sufuriani, akakoroga. Mwenzangu mmoja akamwambia, "Bwana, leo mchuzi una maziwa yako." Watu wakacheka. Mimi nikaacha sahani, nikakimbilia ofisi ya mkuu.

Nilikuuliza mikono ya Bi Kakao. Nikauliza masufuria, mashine, vitambaa, chakula cha wasaidizi wake. Nilimchunguza kila mtu isipokuwa wewe, kwa sababu wewe ndiye niliyekuamini. Na chai ulikuwa unaniambia mwenyewe, hata doa lake uliniletea. Kwangu ulikuwa unakunywa ya rangi, ukisema ni adabu ya mgeni. Sikuwaza kwamba kwako unakunywa ya maziwa kutwa, na kipande unakiuma wewe, nusu unampa yeye.

Nimekasirika, wifi. Nisikudanganye. Usiku nilikukasirikia mpaka nikalia. Ulinificha mwanangu yuko hospitali, ukaniandikia habari za mvua. Hilo usilirudie maisha yako yote.

Lakini ulifungua mkebe kwa meno. Hilo nalo najua. Simchukui. Sina mtu mwingine wa kumwachia na nisingetaka mwingine.

Chai ya maziwa itoke nyumbani kabisa, na kila chombo ulichonywea. Piga mswaki, nawa, fua vitambaa. Ongea na daktari. Kisha umkumbatie. Nakujua, sasa utaogopa hata kumgusa, naye ataona umemchukia. Kuonja acha. Kumpenda usiache.

Nijibu haraka. Nakuomba.

Mama Chiriku


Nyumbani, 15 Julai

Wifi yangu,

Nimechelewa na najua umekufa mara ngapi hapo kati. Yuko salama. Daktari amemwona mara mbili. Vipele vyote vimeisha, uso umekuwa kama yai lililomenywa.

Ujumbe wako ulifika asubuhi mtoto akiwa mezani anasubiri uji. Mtu wa ofisi yenu alipobisha hodi nilikuwa nimeshalamba kijiko, nakitia bakulini. Nikafungua mlango nacho mkononi. Alinisomea pale pale kizingitini, maana miwani ilikuwa kwenye cherehani. Alipofika "yanatoka mdomoni mwako" nikamwambia Chiriku, "Usile!" Nilipiga kelele mpaka yule kijana wa watu akarudi nyuma. Mtoto akaweka mikono juu kama mwizi. Uji nikaumwaga uani, bakuli na kijiko nikavitupa navyo.

Halafu nikakaa chini mlangoni. Wifi, nimetafuta maziwa madukani, kwenye makaratasi ya biskuti, nimepindua sinia ya mwanamke wa watu. Kumbe maziwa ni mimi. Kila nilivyoogopa zaidi, ndivyo nilivyomlisha zaidi.

Ulinijua. Sikumgusa kwa siku nyingi. Namwekea chakula mezani nakaa mbali, nimejifunga kitambaa mdomoni kama jambazi. Usiku mmoja akaniuliza, "Shangazi, nimekukosea nini?" Nikaisoma tena barua yako, nikapiga mswaki mpaka fizi zikatoa damu, nikaenda nikamkumbatia. Akasema nanuka dawa ya meno. Nikamwambia azoee.

Chai ya maziwa nimeiacha. Usinipongeze, nakunywa ya rangi na nina hasira na kila mtu. Wateja wangu wamenikimbia wiki nzima.

Kwa Bi Kakao nilikwenda mchana, barabara ikiwa na watu. Nilimtukana mbele za watu, nisingeweza kumwomba radhi kwa siri. Nikasimama nje ya mlango wake uliofungwa nikasema kwa sauti kwamba chokoleti yake ni safi na mwenye maziwa nilikuwa mimi. Watu wakaanza kusogea kusikiliza. Nikasema tena. Mlango ukafunguka kidogo, likatokea jicho moja.

"Leo umekunywa chai?"

"Ya rangi."

"Kula je?"

"Muhogo mkavu."

"Vua viatu. Nawa mpaka kwenye viwiko. Ingia."

Akanikalisha kwenye kigoda, tukalia wote wawili, halafu akanipa fagio. Nilifagia karakana nzima, na nilistahili. Amefungua tena. Nimemshonea aproni tatu, na kila mteja wangu anayekuja kupimwa namsimulia aibu yangu na kumwelekeza kwake. Kisa ni kizuri, wanakwenda.

Jana, daktari aliposema tunaweza, tulijaribu tena. Tulikaa chumba cha nje cha hospitali, nesi yupo mlangoni, sindano mkononi mwangu imeshafunguliwa. Mtoto alinawa. Kipande alikifungua mwenyewe. Mimi nilikaa upande wa pili wa meza, mkono wangu usio na sindano nimeukalia, maana ulikuwa unataka kwenda kukishika. Wifi, tangu nizaliwe sijawahi kumwona mtoto wetu anakula kitu ambacho hakuna mkubwa aliyekionja. Nilijisikia kama namsukuma kutoka juu ya paa.

Akang'ata chembe. Tukasubiri. Namtazama midomo, namtazama shingo, nasikiliza sauti. Naye anaongea, bila shaka, anaongea tu, habari za mwalimu, za paka. Nesi akaitikia kwa kichwa, endelea. Akang'ata tena. Tukasubiri tena. Jasho lilinitoka mpaka mgongoni. Hakujikuna. Hakuvimba. Sauti ile ile ya chiriku.

Ilipobaki nusu akaacha kutafuna. Akanyoosha mkono juu ya meza akanishikisha ile nusu.

"Onja, shangazi. Nimeshaonja mimi, haina kitu."

Nilikitia mdomoni, wifi. Mara ile ya kwanza nilikuwa nasaka maziwa tu, sikujua hata ina ladha gani. Kumbe ni tamu.

Rudi salama. Daraja likishapona, rudi.

Wifi yako